Sakafu ya Mama Ilivimba, na Mimi Nikanyamaza

Kuna video yangu moja ya sekunde 40 ambayo wengi wenu mmeiona. Inaanza na sakafu ya simenti ya kijivu, imepasukapasuka. Halafu napiga makofi mara moja, paap, sebule nzima inageuka rangi ya mbao. Mama yangu anaingia na soksi, anateleza kidogo, anacheka. Imeisha hapo. Hiyo video ndiyo ilinifungulia njia kwa hii kazi. Mliipenda, mkaisambaza, na wengine mkaenda dukani mkiwa na picha yake kwa simu.

Kitu sikuwaambia ni kwamba wiki saba baadaye hiyo sakafu ilikuwa imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, na Mama alikuwa amesukumia kochi juu yake ili wageni wasione.

Leo nawaambia. Sisemi lamineti ni mbaya. Kusema kweli, naipenda sasa kuliko wakati ule, kwa sababu sasa naijua. Lakini niliwaonyesha sura yake tu, na sakafu si sura. Pesa yako ikipotea kwa sakafu, mara nyingi imepotelea mahali kamera haifiki.

Wacha nianze mwanzo.

Julai 2023 nilialikwa kurekodi apatimenti moja Kileleshwa. Mnajua baridi ya Nairobi mwezi wa Julai. Ukiwa na vigae kwa keja, asubuhi unatafuta patipati kabla hata ya kutafuta simu. Sasa mimi nikavua viatu mlangoni kwa heshima, nikakanyaga ndani, na mguu wangu haukushtuka. Nikakanyaga tena. Mwenye nyumba akacheka, akaniambia, "Hiyo ni lamineti." Nikainama nikapapasa. Ilikuwa na mistari ya mbao, mafundo ya mbao, mpaka vijishimo vya mbao. Nikaamua hapo hapo kwamba Mama lazima apate hii kitu.

Nyumba ya Mama iko Kitengela. Aliijenga polepole, chumba baada ya chumba, kwa miaka tisa. Pesa iliishia kwa paa, kwa hivyo sakafu ikabaki simenti na ile ahadi yetu sote ya "tutamalizia baadaye". Februari 2024 zamu yake ya chama ikafika, ngiri 60. Mama alikuwa na mpango tayari. Alitaka tangi la maji na magata ya kukinga mvua, kwa sababu maji ya paa yalikuwa yanamwagika tu kando ya ukuta wa sebule na kuchimba shimo.

Mimi nikamwambia tangi linaweza kungoja. Nikamwonyesha picha. Nikamwambia, "Mama, umekanyaga simenti miaka yote hii, si pia wewe ukae kama watu?" Akanyamaza, akaangalia ile simu kwa muda, halafu akasema, "Haya. Wewe ndiye unajua mambo ya siku hizi."

Hilo neno bado linanichoma.

Tukaenda mjini. Duka la kwanza muuzaji akatuambia, "Hii ni mbao original kutoka Ujerumani." Mama akauliza mbao gani. Jamaa akasema, "Mbao ya kizungu." Nami nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Tulilipa shilingi 1,700 kwa kila mita mraba. Sebule ni mita nne kwa tano, yaani mita mraba 20. Unaongeza asilimia kumi ya vipande vitakavyokatwa, unapata 22. Hiyo ikawa 37,400. Foamu ya kuweka chini 3,000, skatingi za ukutani 5,000, fundi 6,000. Jumla 51,400. Pesa iliyobaki ilinunua mapazia, na mapazia pia yaliingia kwa video.

Sasa hapa ndipo ningependa muuzaji angetuambia ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe ni mzuri kuliko uongo wake. Lamineti si ubao uliopasuliwa kutoka kwa mti. Ni tabaka nne zilizogandamizwa pamoja.

Anza katikati. Moyo wa kibao ni nyuzi za mbao zilizosagwa laini, zikachanganywa na gundi, zikakandamizwa mpaka zikawa ngumu. Kila mita ya ujazo ya moyo huo huwa na uzito wa zaidi ya kilo 800. Ndiyo maana boksi moja likikuangukia mguuni utakumbuka siku hiyo. Juu ya moyo kuna karatasi. Ndiyo, karatasi, imechapishwa picha ya mbao. Yale mafundo niliyopapasa Kileleshwa yalikuwa picha, na vile vijishimo vilibonyezwa juu yake wakati wa kutengeneza. Juu ya karatasi kuna ngozi inayoangaza, ya gundi ngumu inayoitwa melamini, na ndani yake kumetiwa chembechembe za oksidi ya alumini. Hizo chembe ni za ukoo mmoja na zile za msasa, na kwa kipimo cha ugumu wa mawe zinafika 9, almasi ikiwa 10. Kwa hivyo kiti kikiburutwa, kinapigana na kitu kigumu sana. Na chini kabisa kuna tabaka lingine la kuzuia kibao kisijikunje. Vyote vinaingia kwa mashini yenye joto la karibu digrii 200, vinabanwa, vinatoka kitu kimoja.

Hiyo akili haikuanza juzi. Kampuni ya Perstorp ya Uswidi ilikuwa ikitengeneza mabamba magumu ya juu ya meza za jikoni. Mwaka 1977 watu wake wakajiuliza, kama meza inavumilia visu na sufuria moto, kwa nini isivumilie miguu? Mwaka 1984 sakafu hizo zikaanza kuuzwa, zikiitwa Pergo. Zamani vibao viliunganishwa kwa gundi. Miaka ya tisini katikati ndipo Wabelgiji na Waswidi walitoa zile kingo za kufungana zenyewe, ulimi unaingia kwa mfereji, unainamisha, unasikia "tak", imeshika. Hiyo "tak" ndiyo ilifanya watu kama mimi kudhani kazi yote ni rahisi.

Kwa hivyo mtu akikuambia "hiyo ni feki", mjibu hivi. Meza ya plastiki si meza feki. Ni meza ya plastiki. Na kama unafikiria mbao asilia ndiyo heshima, angalia pia msitu. Februari 2018 serikali ilipofunga ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, mbao ikawa jambo la kuhesabiwa, na mvule wa sakafu ya sebule nzima ni ndoto kwa mtu wa chama cha mtaani. Karatasi yenye picha nzuri juu ya nyuzi za mbao ni njia halali kabisa ya kukaa vizuri. Feki ni muuzaji anayekudanganya ni nini. Na feki nyingine ni mtu wa video asiyekuambia ni nini. Hapo najiweka mwenyewe.

Turudi kwa kazi.

Jirani yetu ni mzee aliyejenga nyumba za watu miaka mingi. Tunamwita Guka, ingawa si guka wetu wa damu. Siku tunashusha maboksi alikuja, akasimama mlangoni na fimbo yake, akaangalia simenti, akamuuliza Mama, "Mama, wakati wa kumwaga slabu, walitandika nailoni chini?"

Mama akasema hakumbuki kuona nailoni. Aliona mawe, maramu, basi.

Guka akanigeukia. "Msichana yangu, kama hakuna nailoni chini, weka nailoni juu ya simenti kabla ya hizo mbao. Na usizikaze kwa ukuta. Pia ngoja. Fungua maboksi yalale hapa ndani siku mbili."

Nilimjibu kwa adabu, "Sawa Guka, asante." Halafu nikamgeukia fundi tuliyemleta, aliyekuwa mtu wa vigae, na yeye akasema, "Hiyo ni mambo ya zamani. Kwetu tunamaliza leo." Mwanga wa jioni ulikuwa mzuri. Nilitaka kurekodi kabla jua halijazama. Nikachagua mwanga.

Walipanga kutoka ukuta mpaka ukuta, vibao vimebanwa kabisa, nikasifu vile hakuna mwanya. Tulimaliza saa kumi na moja na nusu. Nikarekodi. Mama akacheka. Mkaona.

Halafu ikaja mvua ya Aprili 2024. Hakuna haja ya kuwakumbusha. Ni ile ilifurisha Mathare, ikafurisha hata pande zetu za Kitengela, barabara ikakatika. Maji hayakuingia kwa Mama kupitia mlango. Sisi tulishukuru Mungu kwa hilo. Kumbe yalikuwa yanaingia kwa njia nyingine.

Kitengela iko juu ya ule udongo mweusi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Huo udongo ukinywa maji hauyaachi haraka. Na kando ya ukuta wa sebule, mahali magata yangewekwa, paa zima lilikuwa linamwaga maji kila siku. Simenti kwa macho inaonekana kama jiwe, lakini ina vitundu vidogo vidogo vinavyovuta unyevu kutoka chini kwenda juu, kama vile ncha ya leso ikichovywa kwa chai inavyolowa mpaka juu. Unyevu ukafika chini ya vibao. Moyo wa kibao ni nyuzi za mbao, na mbao ikinywa maji inanenepa. Kila kibao kikanenepa kidogo tu. Lakini ukiwa na safu ishirini na kitu za vibao zimebanwa kati ya kuta mbili, huo unene unatafuta pa kwenda. Kulia ukuta, kushoto ukuta. Ukaenda juu.

Mama hakuniambia. Hilo ndilo sikujua mpaka Mei, nilipokuja nyumbani bila kupiga simu. Nikakuta kochi katikati ya sebule kama gari limezimika barabarani. Nikauliza kwa nini amelipanga hivyo. Akasema anapenda tu hapo. Nikalisukuma. Nikaona.

Tulinyamaza wote wawili. Halafu akasema, "Sikutaka ujisikie vibaya. Video yako inafanya vizuri."

Wasee, mimi nimewahi kutukanwa na watu nisiowajua, na nikalala vizuri. Hiyo siku sikulala.

Na bado sikuandika kitu. Nilijiambia nitaandika tukishatengeneza. Kuna dada mmoja, naye anaishi nyumba ya chini na mama yake, alikuwa ameniuliza Machi kama inabidi kuweka nailoni. Nilikuwa nimemjibu na maneno manne: "Hapana, foamu tu inatosha." Juni ndipo nilimwandikia kumwambia nilikosea. Akanitumia picha ya upande wa mlango wake, kingo zimeinuka kama mkate uliomwagiwa chai. Akaandika, "Asante kwa kuniambia, lakini ungeniambia mapema." Hakunitusi. Afadhali angenitusi.

Tulifungua sakafu na Guka mwezi wa Juni. Hapa niwaambie uzuri mmoja wa lamineti ambao hauonekani kwa picha: haijagundishwa chini wala kupigiliwa misumari. Inaelea. Vibao vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe, vikalala juu ya foamu. Kwa hivyo ukitoa skatingi unaweza kuvifungua safu kwa safu. Vile vya upande wa ukuta wa mvua vilikuwa vyeusi chini, na harufu ya gunia la viazi lililosahauliwa. Vile vya upande wa ndani vilikuwa vizima kabisa. Guka hakuniambia "si nilikuambia". Alikata kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, akakibandika kwa simenti na selotepu pande zote nne, akasema turudi kesho. Kesho yake nailoni ilikuwa na matone kwa ndani na simenti chini yake imegeuka rangi. Akasema, "Sasa unaona. Nyumba inatoa jasho."

Hicho ndicho kipimo ambacho kingetuokoa ngiri 50, na bei yake ni selotepu.

Tulirekebisha, lakini kwa mpangilio wa Mama safari hii. Desemba 2024 tukanunua tangi na magata, kwa pesa yangu. Maji ya paa yakaanza kuingia kwa tangi badala ya kwa ukuta. Tukaacha simenti ikauke wakati wa jua la Januari. Februari 2025 tukabandika nailoni ya kupima tena, mahali patatu. Kavu. Ndipo tukanunua vibao vipya, mita mraba 22 kwa 2,100, yaani 46,200. Nililipa kidogo kidogo kutoka kwa kazi ndogo ndogo, na nilijua kila shilingi imetoka wapi.

Sasa nawaandikia vile tulifanya, kwa utaratibu, ili kama umewahi kunifuata kwa lile la kwanza, unifuate pia kwa hili.

Kwanza, soma boksi. Kuna herufi AC na nambari. Hiyo inapimwa kwa mashini inayosugua kibao na msasa mpaka picha ianze kutoka. AC3 inatosha nyumba ya watu wengi. AC4 inavumilia hata ofisi au duka la watu wa kadiri. AC5 ni ya duka lenye watu wengi. Tafuta pia E1, inayohusu mvuke wa gundi iliyotumika kwa moyo wa kibao, kwa sababu hiyo hewa utaivuta wewe. Unene wa kawaida ni milimita 7 mpaka 12. Sisi tulichukua 8, AC4. Muuzaji akishindwa kukuonyesha hizo nambari, nenda duka la pili.

Pili, slabu. Kama ni mpya, mafundi huhesabu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya simenti. Slabu ya inchi nne ni miezi minne, na mvua ikinyesha ni zaidi. Halafu ilale sawa. Guka aliweka alumini ndefu ya mita mbili juu ya sakafu, na mahali ilipoacha mwanya wa zaidi ya milimita tatu akajaza. Sakafu isipokuwa sawa, vibao vinacheza kila ukikanyaga, na zile ndimi zinavunjika polepole.

Tatu, nailoni. Tulitandika polithini ya geji 1000, kila kipande kikipanda juu ya kingine kwa sentimita 20, tukabandika viungo, na tukaipandisha ukutani kidogo mahali skatingi itaificha. Juu yake foamu ya milimita 3. Hiyo foamu inapunguza sauti ya hatua na kumeza vijidosari vidogo. Ile ya kawaida haizuii maji. Nirudie, kwa sababu niliwaambia kinyume: foamu ya kawaida peke yake haizuii maji ya chini.

Nne, maboksi yalilala ndani ya sebule saa 48, yazoee hewa ya chumba.

Tano, mwanya. Tulikata vikabari vya mbao vya milimita 10, tukavipanga kati ya kibao cha mwisho na ukuta pande zote, na hata kuzunguka fremu ya mlango. Kazi ikiisha unavitoa, skatingi inafunika. Skatingi yenyewe inashikwa kwa ukuta, si kwa sakafu. Huo mwanya ndio sakafu inapumulia. Ule ukaze niliosifu kwa video ndio uliibeba ikasimama.

Sita, viungo vya safu moja visilingane na vya safu inayofuata. Acha angalau sentimita 30 kati yao. Kipande ulichokata mwisho wa safu hii kinaanza safu ijayo, kwa hivyo hautupi sana.

Ilituchukua siku mbili badala ya moja. Nilikata vibao mwenyewe, Guka akiwa amekaa kwa kiti akinirekebisha. Sikurekodi.

Na vile vibao vizima vya kwanza? Nilivibeba mpaka kwa keja yangu Nairobi, bedsita ya ghorofa ya tatu. Nilipima nafasi ya kitanda na meza, kama mita mraba 7 na nusu, nikamwomba keateka ruhusa, nikapanga. Huko juu hakuna udongo wa kunitolea jasho. Nikihama nitavifungua nihame navyo. Kigae cha landilodi huwezi kukibeba.

Lakini wacha niwe mkweli hata na hiyo. Sikuweka kwa kona ya jikoni wala karibu na bafu. Mahali maji humwagika kila siku si mahali pa lamineti. Huko weka vigae, au mkeka wa mbao. Na kama pesa yako ni kidogo na unahamahama kila mwaka, mkeka wa mbao ni jibu zuri tu: ni plastiki, haunywi maji, unaukunja na kwenda. Utakosa ule ugumu chini ya mguu, na meza nzito itauachia alama, lakini hakuna aibu. Lamineti ina faida zake: haina baridi ya vigae, haichubuki haraka, haihitaji kung'arishwa kwa nta, inawekwa bila vumbi la kuvunja nyumba, na unaweza kuifungua. Kasoro zake: inachukia maji yanayosimama, na ikichakaa huwezi kuipiga randa na kuipaka upya kama mbao asilia, kwa sababu ukipita ile ngozi umefika kwa karatasi.

Halafu kuna vita vya deki. Sisi tumelelewa na ndoo. Jumamosi unamwaga maji ya sabuni, unapiga deki kuanzia chumbani mpaka mlangoni, maji yanatoka nje na dhambi zako. Lamineti haitaki hayo. Inataka ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakaribia kukauka. Mama alikataa mwezi mzima. Alisema nyumba isiyoona maji haijasafishwa. Tulikubaliana: jikoni na baraza ni zake, amwage ndoo anavyotaka. Sebuleni ni kitambaa. Siku hizi yeye ndiye hufokea wajukuu wakileta vikombe bila sahani.

Ile video ya sekunde 40 sijaifuta. Kuifuta ingekuwa ni kusukuma kochi tena. Nimeweka haya maandishi juu yake, na yule dada nimemtumia kwanza kabla yenu. Alifungua upande wa mlango wake mwezi uliopita, na tukashauriana kwa simu akiwa na nailoni na selotepu mkononi. Akitaka msaada wa mikono nitaenda, na hilo nalo sitarekodi.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kumwambia mzazi wako atumie pesa yake ya chama kwa kitu umeona kwa simu, hata kama umekiona kwangu, uliza kiko juu ya nini. Na kama ana mpango wake wa tangi, msikilize hadi mwisho.

Aprili hii iliyopita mvua ilipoanza, nililala na simu mkononi. Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia Mama. Nikamuuliza, "Sakafu iko aje?"

Akakaa kidogo, ni kama alikuwa anaangalia. "Iko chini," akasema. "Mahali sakafu hukaa. Na tangi limejaa."